Didi, Kiungo Aliyeuacha Mpira Ukimbie

Waldyr Pereira, ambaye ulimwengu wa soka ulimjua kwa jina la Didi, alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1928 mjini Campos dos Goytacazes, kaskazini mwa jimbo la Rio de Janeiro nchini Brazil. Ukanda huo ni wa miwa. Mashamba yake yalilimwa na watumwa wenye asili ya Afrika hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1888, miaka 40 tu kabla ya Didi kuzaliwa, na vizazi vyao vilibaki palepale vikitafuta riziki kwa shida. Didi alijifunza mpira mitaani kama watoto wengine wa mji huo. Akiwa na umri wa miaka 14 aliumizwa goti katika mechi ya mtaani, kidonda kikaoza, na madaktari wakafikia hatua ya kufikiria kumkata mguu. Kwa muda aliishi juu ya kiti cha magurudumu. Mguu ulipona, naye akarudi uwanjani.

Alianzia katika timu ndogo za nyumbani, ikiwemo Americano ya Campos, akapitia Lençoense katika jimbo la São Paulo, kisha Madureira, klabu ya kitongoji cha Rio. Mwaka 1949 alisajiliwa na Fluminense, na hapo ndipo hadithi yake hasa inapoanza. Fluminense ilikuwa klabu ya matajiri wa mtaa wa Laranjeiras, na kwa miaka mingi watu weusi hawakuwa na nafasi katika kumbi zake. Didi aliingia humo akiwa kijana mweusi, mrefu, mwembamba, anayetembea kifua mbele na kichwa juu, na katika muda mfupi timu nzima ikawa inacheza kwa mwendo anaoutaka yeye.

Tarehe 16 Juni 1950 uwanja wa Maracanã ulifunguliwa kwa mechi ya vijana wa Rio dhidi ya vijana wa São Paulo. Vijana wa São Paulo walishinda 3-1, lakini bao la kwanza kabisa katika historia ya uwanja huo, uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani, lilifungwa na Didi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Julai, uwanja huohuo ulishuhudia msiba. Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili itwae Kombe la Dunia. Ilitangulia kwa bao la Friaça, kisha ikafungwa na Schiaffino na Ghiggia, na kupoteza 2-1.

Didi hakuwemo katika kikosi hicho, lakini kilichofuata kinaeleza uzito wa mambo aliyoyafanya baadaye. Lawama za kipigo ziliwaangukia zaidi wachezaji watatu wasio weupe: kipa Barbosa na mabeki Bigode na Juvenal. Barbosa aliibeba lawama hiyo hadi kaburini. Yalizuka pia maneno, mengine yakisemwa waziwazi magazetini, kwamba mtu mweusi na chotara wa Brazil wana vipaji vya miguu lakini hawana moyo wa kuhimili mechi kubwa. Kwamba mambo yakiharibika, wao ndio wa kwanza kutetereka. Ulikuwa uzushi wa kibaguzi, lakini uliaminiwa na watu wenye madaraka katika soka la nchi hiyo. Ili uzushi huo ufe, alihitajika mtu wa kuusuta mbele ya dunia nzima, katika mechi kubwa kuliko zote, tena mambo yakiwa yameharibika.

Akiwa na Fluminense, chini ya kocha Zezé Moreira, Didi alitwaa ubingwa wa jimbo la Rio mwaka 1951 na kombe la kimataifa la Copa Rio mwaka 1952. Mwaka huo wa 1952 aliitwa kwa mara ya kwanza katika timu ya taifa, iliyoshinda michuano ya mataifa ya Amerika mjini Santiago, Chile. Miaka miwili baadaye alikuwa Uswisi kwenye Kombe lake la kwanza la Dunia. Alifunga dhidi ya Mexico katika ushindi wa 5-0, akafunga tena katika sare ya 1-1 na Yugoslavia. Katika robo fainali mjini Bern, Brazil ilikutana na Hungary, timu bora ya zama hizo, na kufungwa 4-2 katika mechi ya ngumi na mateke iliyoendelea hadi vyumba vya kubadilishia nguo. Brazil ilirudi nyumbani na jina baya, na maneno yale ya mwaka 1950 yakapata nguvu mpya.

Uchezaji wake una jambo moja ambalo wasiomwona wanaweza kulikosa. Didi hakuwa na mbio, wala hakuhangaika kuzitafuta. Aliamini kwamba mpira hauchoki, basi na ukimbie wenyewe. Alisimama katikati ya uwanja, akapokea pasi bila kuutazama mpira, kwa kuwa macho yake yalikuwa tayari yameshakwenda kwa winga aliye mbali, kisha akauachia mpira wa mita 40 uliotua pale winga atakapofika, si pale alipokuwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa na namna tatu au nne za kuupiga mpira, na mabeki hawakuweza kujua ni ipi inakuja, kwa sababu mwili wake haukubadilika. Mazoezini hakujituma kama wengine, na msemo wa Wabrazil kwamba mazoezi ni mazoezi na mechi ni mechi huhusishwa naye. Makocha wengine walikereka. Waliomwelewa walimwacha.

Nelson Rodrigues, mwandishi mashuhuri wa tamthilia na shabiki wa kufa wa Fluminense, alimpa jina la Mwanamfalme wa Ethiopia. Jina hilo lilitokana na vikundi vya zamani vya kanivali ya Rio, ambamo watu maskini walivaa majoho ya wafalme na kupita barabarani kwa madaha. Rodrigues aliona madaha hayohayo katika hatua za Didi akiwa na jezi na bukta. Kwamba mwandishi wa Brazil, akitafuta mfano wa utukufu kwa mtu mweusi, aliutafuta Ethiopia, si jambo la kushangaza: ilikuwa nchi ya Afrika yenye ufalme wa kale ambao jina lake lilifahamika hadi ng'ambo ya Atlantiki.

Silaha yake iliyovuma zaidi ilikuwa mpira wa adhabu ulioitwa folha seca, yaani jani kavu. Husimuliwa kwamba aliubuni katikati ya miaka ya 1950 baada ya kuumia kifundo cha mguu. Kupiga kwa namna ya kawaida kulimuuma, hivyo akatafuta namna ya kuugusa mpira kwa upande wa nje wa mguu, kwa vidole vitatu vya mwisho. Mpira ulipanda juu ya ukuta wa mabeki kana kwamba unaenda jukwaani. Kipa alianza kutulia. Kisha, karibu na lango, ulipoteza nguvu ghafla, ukayumba na kudondoka chini ya mwamba. Mipira ya wakati ule ilikuwa ya ngozi nzito iliyonyonya maji, na kuifanya ifuate njia kama hiyo kulihitaji kuigusa mahali pamoja tu, kwa kipimo kisichobadilika. Makipa walijua unakuja, na bado walifungwa.

Peru ndiyo iliyolipa gharama kubwa ya ufundi huo. Aprili 1957 Brazil ilicheza nayo mara mbili kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 1958. Mechi ya Lima iliisha 1-1. Ya marudiano ilichezwa Maracanã tarehe 21 Aprili, na bao pekee lilikuwa jani kavu la Didi. Bila mpira ule wa adhabu huenda Brazil isingefika Sweden, na kijana aitwaye Pelé angelazimika kungoja miaka minne zaidi.

Wakati huo Didi alikuwa ameshahama Fluminense, mwaka 1956, na kwenda Botafogo. Huko alikutana na Garrincha, winga mwenye miguu iliyopinda ambaye hakuna beki aliyemuweza, na Nílton Santos, beki wa kushoto aliyependa kupanda mbele kabla jambo hilo halijakubalika. Kocha alikuwa João Saldanha. Desemba 1957 Botafogo ilicheza mechi ya mwisho ya ubingwa wa Rio dhidi ya Fluminense hiyohiyo. Ilishinda 6-2, mabao matano yakifungwa na Paulinho Valentim. Didi alikuwa ameweka nadhiri kwamba wakitwaa ubingwa atarudi nyumbani kwa miguu, na alitimiza: alitoka Maracanã akiwa bado na jezi ya mechi, akakata mitaa ya Rio huku mashabiki wakimfuata.

Pamoja na yote hayo, alipokaribia miaka 30 walikuwepo waliotaka aachwe Kombe la Dunia la Sweden, wakisema amezeeka na nafasi yake ichukuliwe na Moacir wa Flamengo. Kocha Vicente Feola alimbakiza. Brazil ilikwenda na mfumo wa 4-2-4, ambao mafanikio yake yanategemea watu wawili wa katikati, na mmoja wao alikuwa Didi. Mechi ya kwanza Brazil iliifunga Austria 3-0, ya pili ikatoka 0-0 na Uingereza. Kwa mechi ya tatu, dhidi ya Muungano wa Kisovieti tarehe 15 Juni mjini Göteborg, Feola aliwaingiza Zito, Garrincha na Pelé. Dakika ya tatu, baada ya Garrincha na Pelé kugonga mwamba kila mmoja, Didi alipenyeza pasi katikati ya ngome ya Wasovieti na Vavá akafunga. Mwandishi wa Ufaransa Gabriel Hanot alizisifu dakika hizo tatu kuwa bora kuliko zote zilizowahi kuchezwa.

Brazil ikaitoa Wales 1-0. Katika nusu fainali, matokeo yakiwa 1-1 dhidi ya Ufaransa ya Kopa na Fontaine, Didi aliachia shuti la mbali lililopinda hadi wavuni. Brazil ilishinda 5-2, Pelé akifunga matatu.

Fainali ilichezwa tarehe 29 Juni 1958 katika uwanja wa Råsunda, kando ya Stockholm, dhidi ya wenyeji. Dakika ya nne Nils Liedholm alipita mabeki wawili na kuifungia Sweden. Ilikuwa mara ya kwanza Brazil kutanguliwa katika mashindano hayo. Uwanja ulilipuka. Wabrazil wenye umri wa kutosha kukumbuka mwaka 1950 walijua hisia ile. Nahodha Bellini aliutoa mpira wavuni na kumkabidhi Didi. Didi akauweka kwapani na kuanza kutembea kuelekea katikati ya uwanja. Hakukimbia. Zagallo, winga wa kushoto, alimfuata akimhimiza afanye haraka kwa kuwa timu inadaiwa bao, naye akamjibu atulie, kwani Brazil bado ndiyo timu bora. Kwa kila mwenzake aliyempita alikuwa na neno la kumtuliza. Ule mwendo haukuzidi nusu dakika, lakini ulifanya kazi ambayo hotuba ya kocha isingeweza. Dakika tano baada ya bao la Sweden, Garrincha alipenya kulia na Vavá akasawazisha. Vavá akaongeza la pili, Pelé na Zagallo wakafuata, Simonsson akapunguza, na Pelé akafunga kazi dakika ya mwisho: 5-2.

Mtu mweusi wa Campos, kutoka katika watu waliodaiwa kutetereka mambo yakiharibika, ndiye aliyeishika timu ilipoyumba. Magazeti yalijaa picha za Pelé mwenye umri wa miaka 17, akilia begani kwa kipa Gilmar, na ndivyo historia ilivyoikumbuka fainali hiyo. Lakini waliopewa kazi ya kumchagua mchezaji bora wa mashindano walimchagua Didi, na ni vigumu kuona kosa katika uamuzi wao.

Mwaka 1959 Real Madrid, mabingwa wa Ulaya, walimsajili. Ilitarajiwa kwamba angekamilisha safu yenye Ferenc Puskás, Francisco Gento na Alfredo Di Stéfano. Haikuwa hivyo. Di Stéfano alizoea kila shambulizi lipitie kwake, akishuka hadi kwa mabeki kuufuata mpira, na hapo ndipo mahali pa Didi hasa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Didi alilalamika kwamba wenzake wanamnyima mpira. Upande wa pili ulidai hakimbii vya kutosha kwa soka la Hispania. Mei 1960 Real ilipoifunga Eintracht Frankfurt 7-3 katika fainali ya Ulaya mjini Glasgow, Didi hakuwa uwanjani. Alirudi Botafogo mwaka huohuo, akatwaa nayo ubingwa wa Rio mwaka 1961 na tena mwaka 1962.

Alikwenda Kombe la Dunia la Chile mwaka 1962 akiwa na miaka 33. Pelé aliumia katika mechi ya pili, na Garrincha akabeba mashindano. Didi hakung'aa kama Sweden. Alipunguza eneo lake, akacheza pasi fupi zaidi, huku Zagallo akirudi nyuma kumsaidia yeye na Zito, hivi kwamba 4-2-4 ikageuka 4-3-3 bila tangazo lolote. Tarehe 17 Juni Brazil iliifunga Czechoslovakia 3-1 mjini Santiago na kubaki na kombe. Didi alistaafu timu ya taifa akiwa bingwa mara mbili, akiwa amecheza mechi 15 za Kombe la Dunia katika mashindano matatu, na mechi 68 kwa ujumla akifunga mabao 20.

Miaka yake ya mwisho kama mchezaji ilikuwa ya kuhamahama, lakini mojawapo ya safari hizo ilimfikisha Lima, katika klabu ya Sporting Cristal. Alirudi huko kama kocha na kutwaa ubingwa wa Peru mwaka 1968, kisha akakabidhiwa timu ya taifa. Nchi aliyoizuia kwenda Sweden kwa jani kavu sasa ilimtegemea aifikishe Mexico. Peru haikuwa imecheza Kombe la Dunia tangu mwaka 1930. Tarehe 31 Agosti 1969, katika uwanja wa Boca Juniors mjini Buenos Aires, vijana wake walipata sare ya 2-2 na Argentina, mabao yote mawili yakifungwa na Oswaldo Ramírez, na Argentina ikabaki nyumbani.

Tarehe 31 Mei 1970, siku mashindano ya Mexico yalipofunguliwa, tetemeko la ardhi liliipiga Peru na kuua watu karibu 70,000. Mji wa Yungay ulifukiwa wote na maporomoko kutoka mlima Huascarán. Siku mbili baadaye wachezaji, wakiwa na majonzi na vitambaa vyeusi, waliingia uwanjani mjini León dhidi ya Bulgaria. Walifungwa mabao mawili. Kisha wakarudisha yote, na Teófilo Cubillas, kijana wa miaka 21, akafunga la ushindi: 3-2. Waliifunga pia Morocco 3-0 kabla ya kupoteza 3-1 kwa Ujerumani Magharibi. Didi aliwafundisha wacheze chini, wapasiane na washambulie, hata pale hesabu za tahadhari zilipotaka vingine.

Robo fainali, tarehe 14 Juni mjini Guadalajara, iliwakutanisha na Brazil. Kocha wa Brazil alikuwa Zagallo, yuleyule aliyemhimiza aharakishe pale Råsunda. Brazil ilishinda 4-2, na mechi hiyo ya wazi, isiyo na hila wala ubabe, bado huhesabiwa miongoni mwa zilizopendeza zaidi katika mashindano hayo. Peru iliondoka na tuzo ya mchezo wa kiungwana. Cubillas, aliyefunga mabao matano Mexico, aliendelea hadi Kombe la Dunia la 1978, ambako aliifunga Scotland kwa mpira wa adhabu uliopigwa kwa upande wa nje wa mguu wa kulia. Aliyemwona Didi hakuhitaji kuambiwa ule ufundi unafanana na wa nani.

Baada ya Peru, Didi alifundisha River Plate ya Argentina, ambako aliwapa nafasi vijana kama Norberto Alonso, kisha Fenerbahçe ya Uturuki, aliyoipa ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, msimu wa 1973-74 na wa 1974-75. Aliwahi pia kufundisha Fluminense na Al-Ahli ya Jeddah nchini Saudi Arabia. Timu ya taifa ya Brazil hakukabidhiwa. Zagallo, mwenzake wa 1958 na 1962, alipewa zaidi ya mara moja, na kutokupewa kwa Didi, baada ya alichokifanya Mexico na kikosi cha Peru, ni doa katika maamuzi ya viongozi wa soka wa nchi hiyo.

Alifariki Rio de Janeiro tarehe 12 Mei 2001, akiwa na umri wa miaka 72, baada ya kuugua saratani.

Urithi wake umeendelea kwa njia mbili. Ya kwanza ni nafasi yenyewe ya kiungo mchezeshaji. Gérson, aliyehamia Botafogo mwaka 1963, alirithi kazi ya Didi ya kupiga pasi ndefu huku amesimama, na ndiye aliyeiongoza Brazil katikati ya uwanja ilipotwaa kombe la 1970. Baada yake walikuja Falcão na wengine wa kikosi cha 1982, waliocheza kwa imani ileile kwamba mpira unakwenda haraka kuliko mguu wa mtu. Ya pili ni mpira uliokufa. Juninho Pernambucano, aliyefunga mabao ya adhabu kwa makumi akiwa na Lyon ya Ufaransa, aliupiga mpira ukapanda, ukayumba na kudondoka, na Andrea Pirlo wa Italia ameeleza jinsi alivyomchunguza Juninho hadi akagundua siri ya vidole vyake. Mipira ya sasa ni myepesi na huyumba kwa urahisi zaidi. Didi aliyafanya hayo kwa ngozi iliyoshonwa, mbele ya makipa waliokuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho.